Goti Alilobakiziwa Papa Anselme

Siku yangu ya kwanza kazini niliamriwa kupiga magoti, na haikuwa kwa kusali. Chefu wa Karakana, muzee mwembamba mwenye koti la bluu lililojaa madoa meupe mpaka kwenye kola, alinikuta nimesimama mbele ya mgonjwa wangu wa kwanza, nimeinama na bakuli la maji mkononi kama mtu aliyepoteza sindano.

“Binti,” alisema, “ukimupima mutu umesimama, utamupima vibaya. Shuka chini. Macho yako ikuwe sawa na muguu yake.”

Nikashuka kwenye sementi. Nilikaa pale chini mpaka juzi nilipostaafu, na ndiyo maana leo nikipanda ngazi za kanisa huku Murara, mjini Goma, watoto wananipita wakicheka.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza miguu ya bandia. Ninyi vijana mlioingia karakana wakati wa mashine nyingi hamtaamini tulivyohangaika. Kisiki, yaani sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa, tulikizungushia bendeji zilizolowekwa plasta. Plasta ikikauka tunaivua, tunaijaza plasta nyingine ndani, tunapata sanamu ya kisiki. Sanamu hiyo tunaipiga tupa taratibu: hapa tunapunguza ili mwili ubebe uzito, pale tunaongeza ili mfupa usiumie. Kisha bamba la plastiki linapashwa moto kwenye oveni, linavikwa juu ya sanamu, nasi tunapata kile tulichokiita kikombe, mahali kisiki kinapoingia. Chini ya kikombe unafunga bomba na kanyagio la mpira. Mabomba ya mjini yakikauka tulichota maji ya ziwa, na maji ya ziwa asubuhi ni baridi kweli. Plasta inagoma kushika, mgonjwa anakaa kuchoka, na wewe uko chini unamshikilia mguu na kumpigia hadithi.

Sikuwa nimeiota kazi hii. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Lava ya volkano ilipita juu ya shule yetu ikaacha jiwe jeusi tu, nikabaki mwalimu asiye na ubao. Jirani mmoja wa kwaya akaniambia kwamba karakana ya misheni inatafuta mtu mwenye mikono mitulivu. Nililia wiki nzima kwa ajili ya ile shule. Sikujua kama nilikuwa naelekezwa mahali, na mtu angeniambia hivyo wakati ule ningemfukuza.

Baada ya kujifunza nilitumwa Rutshuru, ambako tulipewa chumba kimoja cha kituo cha afya. Mkuu wa kituo, muuguzi mwenye sauti kubwa, alikuwa na kawaida ya kuingia akiuliza, “Leo mumesimamisha batu wangapi?” Kule nilijifunza kwamba mkulima anataka mguu wa kuingia nao kwenye tope la maharagwe, na mchungaji wa ng’ombe anataka wa kusimama nao kutwa nzima. Kutoka huko nilikaa kidogo upande wa Sake, kisha vita vikanirudisha Goma pamoja na watu wengine wote, godoro kichwani.

Karakana ya Goma wakati huo iliongozwa na Sista Mkurugenzi, mama wa maneno machache. Kila asubuhi kabla ya kazi tulisali pamoja na wagonjwa. Alikuja pia Chefu mpya, kijana aliyesomea ng’ambo, fundi wa kweli, ingawa aliijali zaidi karakana iliyopangika kuliko watu waliokuja humo.

Ndipo akaletwa Papa Anselme.

Papa Anselme alikuwa mtu wa Kibumba, akishusha makabichi na viazi mjini kwa chukudu. Msomaji wa mbali ajue kwamba chukudu ni gari la mbao la magurudumu mawili, halina pedali wala kiti. Mwendeshaji hupiga goti moja juu ya ubao na kwa mguu wa pili husukuma ardhi. Papa Anselme alikuwa akipiga goti la kushoto na kusukuma kwa kulia. Siku moja kwenye mteremko lori lililokatika breki likamfuata, likamgonga. Madaktari walikata mguu wa kulia, chini ya goti.

Kwetu sisi mafundi, goti likibaki mtu amepona nusu. Mwenye goti hutembea mlimani. Asiye nalo hujikokota. Kwa hiyo nilipopiga magoti mbele yake na kufungua bendeji, nilimwambia kwa moyo mweupe:

“Papa, mumushukuru Mungu. Goti imebaki. Hiyo ni baraka.”

Akaniangalia. “Mama, nyinyi muko na magoti ngapi?”

“Mbili.”

“Basi mukate moja, mubarikiwe na nyinyi.”

Nikalowesha bendeji. Nilistahili. Baadaye mke wake, Mama Furaha, alinieleza kwamba mume wake alikuwa kiongozi wa shirika lao, ile jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa, na ndiye aliyewaongoza watu kusali kila Jumatano. Tangu hospitali walikuwa wanakuja mmoja baada ya mwingine kumwambia kwamba Mungu ana mpango. Dini ya wenye miguu miwili inaongea sana mbele ya kitanda cha mgonjwa. Papa Anselme aliwasikiliza wote, kisha akamwambia mke wake, “Nilimupigia Mungu magoti maisha yangu yote. Sasa nitaikala tu. Akinitafuta, anajua kwenye niko.”

Na kweli, sisi tulipopiga magoti asubuhi, yeye aliketi akatazama rafu ya plasta. Sista alimwacha.

Wakati huo Mama Furaha alikuwa anashusha makabichi mwenyewe, mzigo mgongoni na mshipi kwenye paji la uso, kutoka Kibumba mpaka Goma kwa miguu. Kazi ya chukudu aliifanya kwa shingo. Watoto wakubwa walikuwa wameacha shule ili wamsaidie. Chukudu yenyewe, ambayo Papa Anselme aliichonga kwa mikono yake, iliegemea ukuta wa nyumba, na mtu wa Kibati alikuwa ameshakuja kuitazama ainunue. Ikiondoka hiyo, ule mshipi ungebaki kwenye paji la Mama Furaha mpaka uzee.

Tulimtengenezea mguu mzuri. Chefu mwenyewe aliupanga, na kati ya reli mbili za kushikilia wakati wa mazoezi Papa Anselme alitembea mpaka wagonjwa wengine wakapiga makofi. Tukamshauri aache chukudu, ajifunze kushona nguo. Aliaga kwa adabu akaenda.

Alirudi siku moja ya mvua, kwa magongo, mguu wetu ukiwa ndani ya gunia. Alikuwa amejaribu chukudu kama zamani, goti la kushoto kwenye ubao, akisukuma kwa mguu wa bandia. Barabara zetu mnazijua. Kanyagio la mpira halihisi jiwe la lava. Liliteleza, akaanguka, kisiki kikachubuka mpaka damu. Akaliweka gunia juu ya meza ya Chefu.

“Hii muguu yenu ni ya kuenda nayo misa. Hapana ya kazi. Na misa siendi.”

Chefu akaumia, nilimwona. “Papa, tulikuambia uache chukudu.”

“Na bibi yangu nimuambie aache kula?”

Nikashuka chini kusafisha kidonda. Ilikuwa kazi ya kila siku, lakini siku ile magoti yake yote mawili yalikuwa wazi mbele ya macho yangu. La kushoto lilikuwa na ngozi nene, ngumu kama soli ya kiatu, kwa miaka ya kupiga goti juu ya ubao. La kulia, lile lililobakizwa, lilikuwa laini kama la mtoto. Lilikuwa halijawahi kufanya kazi ile. Nikamwita Chefu ashuke naye. Akasita kwa ajili ya suruali yake, kisha akashuka.

“Chefu, miguu ibadilishane kazi,” nilimwambia. “Hii ya kukatwa ipige goti, haihitaji kanyagio. Ya kushoto isukume.”

Akafikiri. “Sisi tunatengeneza miguu, Mama, hatutengenezi mito ya chukudu,” akasema. Lakini mkono wake ulikuwa tayari unapima upana wa goti. Kidonda kilipopona, yeye mwenyewe alikata sponji ngumu, akaishonea ngozi, akaipa umbo la kupokea kisiki. Kwenye mguu wa bandia alitoa mpira uliokuwa ukiubana kwenye paja akaweka mkanda wa kufunga na kufungua upesi, ili Papa Anselme auvue njiani na kuuvaa sokoni wakati wa kushusha mzigo.

Mama Furaha na kaka yake wakaileta chukudu uwanjani. Papa Anselme akaitazama kama mtu aliyekutana na ndugu waliyegombana naye.

“Goti hii haijue kazi,” alisema. “Na mimi nilisha kusema, sitapiga goti tena.”

Mama Furaha akavua kitambaa chake cha kichwa. Alama ya mshipi ilikuwa imechimba paji la uso, nyeusi, na nywele pale zimekwisha.

“Anselme,” alisema, “mi nimechoka.”

Papa Anselme akampa mkewe magongo. Akashika usukani, akaweka kisiki juu ya ubao, akasukuma kwa kushoto. Chukudu ikaenda upande ikagonga ukuta wa mawe. Mwili mzima ulikuwa umezoea upande mwingine. Ni kama kuandika kwa mkono usio wako. Akaanguka, akatukana, akaomba msamaha kwa Sista, akarudia. Tulisahau kazi. Jua lilipokuwa kali akapata mzunguko mmoja wa uwanja bila kugusa ukuta, halafu mwingine, na wagonjwa waliokaa kwenye benchi wakaanza kumwita jina.

Karibu na geti akasimamisha. Hakushuka. Alibaki vilevile, goti kwenye ubao, mikono kwenye usukani, kichwa chini, kwa muda mrefu mpaka Chefu akataka kwenda kumsaidia. Nikamshika mkono.

“Mama,” aliita bila kugeuka, “munanipigisha magoti.”

“Hapana mimi, Papa.”

“Najua. Muniache kwanza.”

Tukaingia ndani, tukamwacha na Yule aliyekuwa na mambo ya kuzungumza naye.

Vijana wananiuliza kama naamini Mungu huwaletea watu mateso ili awabariki. Siamini kwamba alihitaji lori lile, wala lava kufunika shule yangu. Nimeshika visiki vingi mno kusema hivyo. Ninachoamini ni kwamba katika kila kilichovunjika yeye huacha kitu kimebaki, na kitu hicho mara nyingi kipo chini, mahali ambapo mtu aliyesimama hakioni. Nasi tusikimbilie kumwonyesha mwenzetu baraka yake kabla damu haijakauka. Tukae naye tumsafishe kidonda. Wakati wake ukifika ataiona mwenyewe, na ataijua kuliko sisi.

Nilipostaafu walinifanyia misa ya shukrani. Papa Anselme alishuka kutoka Kibumba kwa chukudu na makabichi ya karamu, mvi tupu, Mama Furaha akitembea kando yake mikono mitupu. Padri kijana, aliyesimuliwa habari zake, akamwita mbele atoe ushuhuda jinsi taabu ilivyogeuka kuwa baraka. Papa Anselme alifunga mkanda wa mguu wake, akaenda akasimama karibu na altare. Alifikiri kidogo.

“Padiri, muguu yangu ilikuwa muzuri kupita hii baraka,” alisema. “Sitadanganya mbele ya Mungu. Lakini muguu ilienda, baraka ndo ilibaki na mimi. Inalisha batoto yangu mpaka leo. Ninamushukuru.”

Nilisema amina peke yangu, kwa sauti.