Ua Usioonekana

Mimi si mtu wa safari. Kutoka kwetu Kabuchai, mwisho wa dunia yangu ni Kitale, na huko nilifika tu kwa sababu kwaya yetu ya kanisa ilialikwa kuimba kwenye shamba la zamani la mzungu mmoja. Ilikuwa miaka ile simu za mkononi zinaanza kuingia, na sisi tuliomaliza kidato cha nne tulijua kila kitu.

Mzee wa kutunza bustani alitutembeza. Mzungu, alisema, alitaka pafanane na mashamba ya matajiri wa kwao Uingereza. Aliziba kijito akapata ziwa, akapanda miti kwa mafungu kama iliyoota yenyewe, akahamishia nyumba za wafanyakazi nyuma ya kilima zisimkere macho. Jasho la miaka, ili ionekane hakuna aliyefanya kazi. Kwangu hakuna aliyefanya kazi na inaonekana kabisa, lakini hapapigwi picha.

Kilichonimaliza ni mtaro mbele ya nyumba, uliofichwa na nyasi. "Ng'ombe anaona maua, halafu hafiki," mzee akasema.

Sasa, mke wangu alikuwa ananisumbua juu ya ua. Ng'ombe wa jirani alikuwa anamaliza sukuma wiki ya mke wangu, na mama mkwe alikuwa anakuja kuona boma letu mara ya kwanza. Hakutaka mama aseme ameolewa porini. Nikamwambia atulie, namletea ua wa kizungu. Nikachimba mtaro kama ule wiki nzima, kina cha kiuno, nyasi zikauficha upande wa nyumba. Ng'ombe akaja, akatazama, akarudi. Nikavimba kichwa.

Mama mkwe akafika, akaona sukuma ng'ambo, akaiendea moja kwa moja. Akatoweka.

Kwetu mtu hamshiki mama mkwe mkono, hata wa salamu. Nikasimama nikiangalia Mlima Elgon. Mwishowe nikamnyooshea mpini wa jembe, uso pembeni. Akaushika, naye uso pembeni, akapanda. Mke wangu alikuwa mlangoni ameziba mdomo kwa leso.

Mama akajipangusa, akaongea na binti yake, maana mimi siambiwi. "Mwambie bwana yako, ng'ombe amemweza. Sasa awache mama wa watu apite. Lakini sukuma, si imenawiri."

Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. Hakuwa ameolewa porini.

Asubuhi yake nikafukia hatua mbili za mtaro, mama apite kama mtu. Kufika saa kumi, ng'ombe wa jirani amesimama katikati ya sukuma. Alikuwa amepita hapo hapo.

"Na huyu," mke wangu akaniuliza, "naye ni mkwe?"