Masatu Alivyofuta Namba ya Honda ya Katekista

Musoma nzima, kuanzia Nyakato mpaka mwaloni, hakuna mtu alikuwaga anapaka rangi mitumbwi kumzidi Masatu. Hiyo atakwambia mwenyewe, tena kabla hujauliza. Mtumbwi wake ukiingiza maji, alisemaga, basi ziwa ndiyo limekosea. Mdomo ule ungeufunga injini ungefika Ukerewe bila kasia, na harusi za mpaka Butiama walimwitaga achekeshe watu.

Mtu kama huyo ndiye Mzee Isaya alimpelekea pikipiki. Isaya ni katekista kule Butiama, kigango chake amekiongoza miaka thelathini na kitu. Ile Honda ya kizamani aliachiwa na padri aliyerudi kwao, na kadi yake, kila kitu halali. Sasa magoti yamechoka, akataka kuiandikisha kwa jina la binti yake Benedikta, aliyekuwa anaanza kufundisha dini vigango vya mbali. Kwanza ipakwe rangi, alisema, mtoto asikabidhiwe kutu.

Masatu alikuwa hajawahi kupaka pikipiki hata moja. Akakubali kabla mzee hajamaliza kuongea.

Kwenye mitumbwi kuna sheria moja: ubao ukiwa na kovu, hata mkwaruzo wa kucha, unausugua mpaka ulale, unaziba na puti, ndiyo unapaka. Ukiacha kovu, maji yanajificha humo. Basi akaisugua Honda ya watu kama mtumbwi. Kufika kwenye shingo ya usukani, chini ya kutu, akakuta namba zimegongwa kwenye chuma. Aliziona. Hiyo ndiyo inamla mpaka leo, kwamba aliziona, akasoma saba, akasoma nne. Akajiambia hii Honda Butiama nzima wanaijua, hata mbuzi wanaipisha, namba ya nini? Akapitisha tupa, akapitisha msasa, akaziba na puti. Shingo ikalala kama sahani.

Siku ya ukaguzi wa kubadilisha jina, mkaguzi, askari wa trafiki, alikuwa Bunda. Masatu hakuitwa, alijialika. Akavaa shati yake ya Krismasi, akasimama pembeni ya mzee akingoja sifa. Na kweli, afande alizunguka Honda mara mbili akasema rangi imekaa. Masatu ndiyo kwanza anaanza kuelezea alivyopaka mara tatu, afande akainama, akapitisha kidole shingoni, akaangalia kadi, akapitisha tena.

"Mzee, namba ya chesisi iko wapi?"

"Si iko hapo, mwanangu. Ilikuwepo."

Afande akakwangua rangi, akakuta puti, na chini ya puti mikwaruzo ya tupa. Akasema bila ukali kwamba watu wanaofuta namba yeye anawajua, ni wa aina moja tu. Akajaribu namba ya injini, lakini injini ilishabadilishwaga zamani, haifanani na kadi. Akauliza nani alisugua hapo.

Isaya akageuka kumwangalia Masatu. Hakumtaja. Alingoja tu, kama anavyongojaga watu waitikie ibadani. Fundi wetu, bingwa wa maneno, akaangalia viatu vyake.

"Pikipiki ni yangu, afande," mzee akasema. "Andika mimi."

Honda ikabaki kituoni. Mzee alitoa maelezo mpaka saa kumi jioni.

Butiama ikasikia: kumbe katekista alikuwa anaendesha mali ya wizi. Isaya mwenyewe akaacha kuongoza ibada. Alisema mtu aliyetajwa kwa wizi hawezi kuwaambia wenzake watubu. Akamwachia Benedikta kitabu cha ibada, akakaa benchi la nyuma.

Wiki ya tatu Masatu ikamshinda, akarudi Bunda akaeleza yote. Afande aliandika. Akasema mzee hatashtakiwa, lakini namba iliyofutwa hairudi kwa maneno, Honda haitoki. Masatu akaunganisha mpaka Butiama, akamkuta Isaya anapalilia mihogo, akamwambia mpaka ile saba na nne. Mzee alisikiliza ameegemea jembe.

"Ungesema siku ile pale Bunda, ningekucheka mpaka nikohoe. Sasa nicheke vipi, Masatu?"

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nimekusamehe. Ila sio mimi ninayejiita mwizi. Waambie wao."

Jumapili Masatu akasimama kigangoni, akasema ni yeye alifuta namba, akaitaja mpaka ile saba na nne, mzee hana kosa. Mtu wa mbele akacheka. Benchi zima likafuata. Si unajua, harusi ngapi za Butiama amewavunja mbavu huyu? Akaapa, wakazidi kucheka. Bonifasi, mzee wa kigango, yeye hakucheka. Akasema polepole kwamba katekista amekosa mtu wa kumtetea mpaka amekodi mchekeshaji. Kule nyuma Isaya aliinamisha kichwa, mikono juu ya magoti.

Ibada ilipokwisha, Benedikta alifunga kitabu kwenye kitenge, akashika njia ya kigango kinachofuata, saa mbili kwa miguu. Masatu akamkimbilia, akaomba amsaidie hata kubeba.

"Rudi, kaka," Benedikta akasema, bila kusimama. "Wakituona pamoja watasema tumekupanga kweli."

Masatu akabaki barabarani. Nyuma yake bado walikuwa wanacheka, na mmoja akamwita arudie tena, tangu alipokuta ile saba.