Uzi wa Zambarau

"Chama kilichouza maji yetu? Gauni lake silishoni!" fundi cherehani alimfokea shemeji yake aliyeleta gauni la chama, mguu ukiendelea kukanyaga mashine. Ndivyo alivyo: mdomo unagomba, mikono inapima. Sheria ya maji ilipopita alihama chama, akaapa mbele ya wateja kwamba uzi wa zambarau, rangi ya chama hicho, kautupa wote. Tangu siku hiyo yeye na shemeji hawasalimiani.

"Chama umehama, sawa. Na kifungo cha gauni hili ulichoniahidi kabla ya kampeni, nacho kimehama?" shemeji akauliza.

Fundi akalamba kidole, kama afanyavyo kila akishindwa. Akavuta kopo chini ya mashine. Uzi wa zambarau ulikuwemo, umeviringishwa vizuri kwenye karatasi. Akashona kifungo, akaukata uzi kwa meno.

"Deni lako hilo, shemeji. Sasa nisalimie, basi."