Mawe ya Njia ya Singe

Mwezi uliopita nilirudi Babati kwa arusi ya binti wa kaka yangu, na nisingekuwa na la kukusumbua, ndugu yangu, kama wasingenipitisha kwenye lile bango. Limesimikwa kando ya lami, karibu na hoteli mpya, mahali ambapo magari ya watalii yanapata nafasi ya kugeuza. Limepakwa rangi nzuri na kuandikwa: "Hapa walipumzika watumwa." Kaka yangu akataka nisimame mbele yake anipige picha. Nikamwambia apige hoteli.

Walipumzika. Hebu lisome tena neno hilo, polepole. Na wala si hapo.

Mahali penyewe ni kwenye njia ya miguu ya kutoka Singe kuja mjini. Tuliipita karibu kila siku enzi zile za dhiki, sukari ilipokuwa hadithi na nguo tukifua kwa majivu. Tulikunywa uji wa unga wa njano, ule wa msaada, usio na maziwa wala chumvi, tukavaa katambuga zetu za matairi na kumfuata bibi kwenda kupanga foleni. Mara nyingi hatukujua foleni ni ya nini. Ulipanga kwanza, ukauliza baadaye.

Katikati ya njia hiyo palikuwa na rundo la mawe lililonizidi kimo. Kabla hatujalifikia, bibi aliinama akaokota jiwe, akatusubiri na sisi tuokote. "Msipite mikono mitupu," alisema. Jiwe liliwekwa, halikurushwa. Aliyerusha alirudishwa akaliokote, akaliweka upya kama anayemlaza mtoto.

Chini ya rundo walilala watu wa misafara ya watumwa walioshindwa kutembea. Mmoja wao alikuwa dada wa bibi yake bibi, binti aliyevimba mguu, akafunguliwa kamba, akaachwa njiani. Mwenzake aliyetoroka ndiye aliyerudi kusimulia. "Huyu hakupumzika," bibi alituambia kila mara. "Aliachwa."

Hata jirani yetu mwenye duka, mtu wa kizazi cha pwani, aliweka jiwe alipopita. Bibi hakumpenda. Watu walinong'ona kwamba babu zake ndio waliotangulia mbele ya misafara ile, na bibi aliiitikia salamu yake kwa nusu mdomo. Lakini jirani akiinama na jiwe lake, bibi alisogea akampisha.

Kisha akaja bwana mmoja wa ofisini, mwenye suruali iliyopigwa pasi wakati sisi tunavaa viraka juu ya viraka. Ghala la kijiji lilitakiwa kujengwa, na saruji haikuwepo, kwa hiyo msingi ungekuwa wa mawe. Alipoliona rundo alidhani kuna mkulima amesafisha shamba lake. Bibi akamweleza, kwa heshima zote, ni nini kilicho chini yake.

"Mama, huo ni ushirikina," akasema. "Sisi tunajenga taifa."

"Jengeni, baba. Mlimani mawe yamejaa."

Mlimani ni mbali, akajibu, na dizeli ni ya shida. Kweli ilikuwa ya shida. Mgonjwa wa Singe alibebwa kwa machela mpaka hospitali kwa sababu dizeli haipo. Ya kubeba mawe ya bibi ilipatikana.

Trekta lilipokuja na tela, bibi alikuwa ameketi juu ya rundo na khanga yake begani. Wakapakia pembeni yake, wakapakia nyuma yake, mpaka akabaki kwenye kimlima kidogo. Hapo vijana wawili wakamshika mikono, wakamteremsha wakisema "samahani, bibi", na wakamaliza. Mwenye duka alikuwa amesimama ng'ambo ya njia, na jiwe lake mkononi. Hakuwa na pa kuliweka.

Ghala likaisha. Sikumbuki kuliona limejaa mahindi hata mwaka mmoja. Lakini bibi aliendelea kuokota jiwe njiani, akaenda kuliweka chini ya ukuta wa ghala. Mlinzi alilipiga teke. Kesho yake bibi alileta jingine, na hivyo hivyo mpaka miguu yake ilipokataa.

Sasa rundo hakuna, bibi hakuna, na ile njia ya miguu imekatwa na viwanja vya watu. Wanaoikumbuka wamebaki wachache, na hakuna aliyetuuliza kabla ya kuchanganya rangi ya bango. Ofisi ile ile iliyobomoa kumbukumbu ndiyo iliyosimika bango, imerudi kujipongeza kwa kuitunza, tena mahali pengine. Nina hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Asubuhi ya arusi niliokota jiwe, nikaenda nalo ghalani nikiwa na kitenge changu kipya. Siku hizi ni duka la mabati na rangi. Nikaliweka chini ya ukuta, taratibu.

Muuzaji akatoka. "Shikamoo, mama. Naomba ulitoe hilo, wateja watajikwaa."

"Marahaba, baba. Halitoki. Ndugu zake wako humo ukutani."

Akanitazama kama anayemtazama mgonjwa. Sikufika mbali nikalisikia likitupwa barabarani. Nikarudi, nikaliokota.