Uzi wa Kiti Kikubwa

Katika nyumba yetu ya Lanet, kiti kisicho na kitambaa huhesabiwa kuwa kiko uchi. Sheria hiyo ni ya mke wangu, na miaka yote ya ndoa yetu ameitekeleza kwa sindano ya krosheti: vitambaa vyeupe vya matundu matundu, maua pembeni, kila kiti na chake. Kisha ugonjwa wa viungo ukamshika vidole akiwa amebakisha kitambaa cha kiti kikubwa, na wazazi wa kijana anayetaka kumwoa binti yetu walikuwa karibu kuja kutuona.

"Wakiona hicho kiti watajua mikono yangu imeisha," akaniambia, ameificha ndani ya shali. "Na sitaki wajue."

 Nikasema nitakifuma mimi. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akanituma mjini kununua uzi.

Mimi ni mtu wa mabomba. Kwangu uzi ulikuwa uzi. Nilichagua uliong'aa kuliko wote, nikarudi kifua mbele. Mke wangu akaniambia nichome ncha yake kwa kibiriti. Uliyeyuka, tone la moto likadondokea suruali yangu ya kanisani na kuitoboa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

"Hiyo ni nailoni," akasema. "Ukiipiga pasi inashikana na pasi. Na mgeni akiegemea, inateleza inaanguka nyuma ya kiti."

Mara ya pili nilijiona mjanja. Nilikwenda Subukia kwa binamu yangu anayefuga kondoo, nikarudi na sufu halisi iliyosokotwa kwa mkono. Ilipochomwa ilinuka nywele zilizoungua. Hata bila kuchomwa ilinuka kondoo.

"Itavutika tu, mzee. Kabla harusi ifike itakuwa inafagia sakafu. Na mama yake kijana akiinuka na manyoya kwa mgongo wa nguo?"

Nilikasirika, lakini nilichukua kibiriti nikarudi mjini. Nilikuwa nimeshaomba vipande vya ncha na kuwasha cha kwanza pale kaunta msichana wa dukani aliponiona.

"Mzee, hapa ni duka, si jikoni."

"Napima tu, madam."

Kipande kiliungua kikanuka karatasi, kikaacha jivu laini. Pamba. Ila huo uzi ulikuwa umesokotwa ovyo. Nilipoukwaruza kwa ukucha ulifumuka. Uliofuata ulikuwa pamba pia, umekaza, nikauvuta kwa nguvu zangu zote na haukukatika. Nikaununua, huku askari wa mlangoni akiniangalia kibiriti mpaka nilipotoka.

Nilifuma huku mapazia yamefungwa, mke wangu akinikaripia kila tundu. Siku moja jirani aliingia bila kubisha, nikaikalia kazi yote, sindano ikiwemo. Tulizungumza habari za mvua kwa muda mrefu sana, nami sikuegemea hata mara moja.

Wageni wakaja. Mama yake kijana alikuwa mfumaji, balaa gani hiyo. Alipapasa kila kitambaa akisifu, mpaka akafika kiti kikubwa. Akageuza pindo.

"Mama, hii ni mkono mwingine," akasema. "Huyu anakaza uzi sana."

 Nilikuwa nimeandaa uongo kuhusu mpwa wangu wa Kaptembwo, lakini mke wangu alinitangulia. Alitoa mikono ndani ya shali, akaiweka mapajani, vidole vilivyopinda, kila mtu akaviona.

"Vidole vyangu vimekataa kazi," akasema. "Hiyo ni ya mzee."

Baba yake kijana alinitazama kana kwamba amenikuta nimevaa rinda. Nami nilikuwa natazama dari, nikitafuta bomba lolote linalovuja.

"Yeye?" mama yake kijana akauliza.

"Yeye," mke wangu akasema, kwa sauti ileile aliyowatangazia majirani siku binti yetu alipoitwa chuo kikuu. "Na hiyo uzi alichagua mwenyewe."