Kuni za Msiba Wake

Habari za kifo chake zilinikuta Bariadi mjini nikiwa na njaa, jambo ambalo marehemu mwenyewe angelifurahia. Nilikwenda kwenye kibanda chake cha chakula karibu na soko, kama nifanyavyo kila nikipita huku, nikakuta mlango umefungwa na masufuria yamefunikwa kifudifudi. Fundi cherehani wa jirani akaniambia, "Mama ametangulia. Tunazika kesho kijijini." Nikakaa kwenye benchi lake tupu, na niseme bila kuzunguka, niliumia. Wasomaji wa safu hii mnamfahamu kidogo: ndiye yule mama niliyewahi kumsingizia humu kwamba ugali wake unaweza kujengea ukuta. Alisomewa, akacheka, halafu kwa wiki nzima akawa ananipimia vijiko viwili tu.

Alikuwa mkulima wa pamba kabla hajawa mpishi. Huku kwetu Simiyu, pamba ikishavunwa, sheria inataka mabua yang'olewe na kuchomwa kabla ya tarehe inayotangazwa, ili funza mwekundu asijifiche humo akisubiri msimu ujao. Sheria nzuri kabisa. Yeye alikuwa na ugomvi na moshi tu. "Ng'wanone," aliniambia siku moja, maana kwake kila mtu alikuwa mwanaye, hata mwenye mvi kama mimi, "miti tumeimaliza, mkaa tunaletewa na malori kutoka mbali. Halafu wa kwetu tunauteketeza shambani, tunampikia nani?" Akajifunza kuyaunguza mabua ndani ya pipa lililozibwa hewa, kusaga ule mkaa, kuukanda kwa uji wa muhogo na kuufinyanga madonge. Kibandani kwake maharage yaliiva kwa madonge hayo. Nami niliyala nikijiona mtetezi wa mazingira.

Tatizo la watu wenye furaha ni kwamba hawajui kusubiri. Aliwashawishi majirani wasichome. Wayarundike mabua kando ya nyumba, yeye na pipa lake watapita kila kaya. Lakini pipa lilikuwa moja na kijiji kina mashamba mengi. Tarehe ikapita, mvua zikaanza, marundo yakiwa bado yanasubiri. Msimu uliofuata vitumba vya pamba vikapasuka vikiwa vimeoza ndani, na kila mtu alijua funza wametoka wapi. Wazee wakaketi, wakampiga mchenya, ile adhabu ya Kisukuma inayomtenga mtu na jamii mpaka alipe. Hakuna kumwazima jembe, hakuna kula naye, na akifiwa atachimba kaburi peke yake. Alilipa kwa dume la ng'ombe, likachinjwa, kijiji kikala, akasamehewa. Nyama haijaisha mifupani, yeye akasimama na kuanza tena habari za mkaa! Jirani yake wa kushoto, mzee aliyepoteza shamba zima, akamkatiza: "Mayu, mama yetu, nyama tumekula, yameisha. Ila mkaa wako kwangu hauingii. Hata ukifa, mimi nitakuletea kuni."

Hilo lilimchoma kuliko mchenya wenyewe. Mnajua desturi: kwenye msiba kila kaya huja na mzigo wake wa kuni. Alinisimulia akicheka, lakini alinisimulia mara nyingi mno kwa mtu anayecheka. Alitaka yule mzee abadili neno lake kabla yeye mwenyewe hajafa.

Basi akaanza kuwasumbua wakubwa. Nilikuwapo kwenye kikao kimoja cha mkoa kuhusu uchumi rejelezi, yaani ule usiotupa kitu, ambacho kwa heshima yake kilitupa chupa nyingi za maji. Walikuwapo maofisa, wenye viwanda vya kuchambua pamba na wajumbe wa mikoa jirani. Yeye aliitwa kupika. Alipomaliza kupakua akaomba kusema. "Mimi nilikosea, nilikuwa na pipa moja," alisema. "Kiwanda kina uwanja na malori yanayolala pamba ikiisha. Jengeni tanuru. Nanyi wa halmashauri, sheria iseme mabua yakishakuwa mkaa kabla ya tarehe, mkulima hana kosa. Na mkubaliane na wenzenu wa Shinyanga, funza haombi kibali kuvuka mpaka." Watu wakacheka. Mwenye kiwanda kimoja cha Maswa hakucheka, aliuliza tanuru liwe la ukubwa gani. Haikuwa kazi ya siku moja. Kulikuwa na vikao, na vikao vya kupanga vikao. Lakini msimu mmoja malori yakaja kijijini mapema, mabua yakaondoka kwa wakati, na madonge yakarudi.

Mimi nimechoka na hotuba za maendeleo, na nadhani nimejua kinachonichosha. Zinamwomba mkulima aamini kwanza, serikali na kiwanda watafuata baadaye. Marehemu aliomba hivyo, kijiji kikalia njaa ya pamba. Alipopindua mpangilio, tanuru na sheria vikatangulia na imani ikaja yenyewe kwa miguu yake.

Niliiona imani hiyo ikija msibani, siku ya kumzika. Kaya zilikuwa zikishusha mizigo, kila mmoja na wake. Yule mzee wa kushoto akaingia akisukuma baiskeli yenye kiroba cheusi, akakishusha jikoni kwa akina mama. Vijana wakaanza kumtania babu yao: "Guku, si ulisema utaleta kuni?"

Mzee akajifuta vumbi jeusi mikononi. "Kuni ningezitoa wapi?" akasema. "Kwangu zilishasahaulika." Kisha akaomba jembe, akaenda kuchimba kaburi.