Mteja Aliyekuja Kupimwa Gauni

Walimwita Mama Pindo, ingawa mtoto hakuwa naye. Alikuwa na cherehani, na pindo la suruali likipita mkononi mwake lilinyooka kama rula. Miaka arobaini na mmoja. Shangazi yake alikwishachoka kumkumbusha kwamba mchagua nazi hupata koroma. Basi alipotokea yule dereva wa lori, mpole, sauti ya chini, kucha safi kuliko za daktari, Mama Pindo alijisemea: koroma gani hili? Ndoa ikapangwa Jumamosi ya pili.

Jumanne mchana akaingia mwanamke mgeni, anataka gauni. Mama Pindo akamzungushia tepu mkononi, karibu na bega, vidole vikagusa mfupa ulioungana vibaya, umejitokeza kama fundo.

"Pole, dada. Ulianguka?"

"Sikuanguka." Mgeni alimtazama kwenye kioo. "Wala sikuja kushona. Nilikotoka mimi ndiko unakoingia wewe. Huyo dereva alikuwa mume wangu."

Tepu ikamponyoka.

"Hapigi kelele," mgeni akaendelea. "Anafunga mlango kwanza, taratibu. Halafu anakwambia ukae."

Alipoondoka, Mama Pindo alijitia kucheka. Wivu wa mtalaka huo! Lakini mikono ilikataa kudanganywa. Mara sita uzi ulikosa tundu la sindano.

Saa kumi dereva akapita kama kawaida yake, akaketi. Moyo ukamruka, kwa furaha au kwa woga, mwenyewe hakujua.

"Nimefikiri," Mama Pindo akasema, "ndoa tuisogeze kidogo. Miezi mitatu tu."

Dereva akatabasamu. Akainuka, akausukuma mlango polepole, akatia komeo.

"Kaa tuongee."

Kidogo tu Mama Pindo angekaa. Ng'ambo ya ukuta wa mbao alikuwapo fundi viatu, mzee mbishi waliyenuniana naye wiki nzima kwa ajili ya redio yake. Mama Pindo akagonga ukuta kwa mkasi. Sauti ilimtoka nyembamba kama ya paka:

"Jirani! Njoo na nyundo, mlango umekwama!"

Mzee hakuuliza. Pigo la kwanza lilitikisa bawaba. "Mnafungua, au niung'oe?"

Dereva alifungua mwenyewe, akamwamkia mzee kwa adabu zote, akaenda zake bila kugeuka.

Mahari ilirudishwa na shangazi na kaka wa Mama Pindo, mchana kweupe. Majirani wakasema yao, kwamba amechezea bahati. Miezi kadhaa Mama Pindo hakuthubutu kwenda hata sokoni peke yake. Kila honi ya lori ilimganda mgongoni.

Siku moja akamwambia shangazi, "Alipofunga ule mlango, bado nilimwona mzuri. Sasa macho yangu nitayaamini vipi?"

Shangazi, asiyekosa neno hata msibani, alimsogezea kikombe cha chai, akaketi karibu naye.